Biashara ndogo za Mwanza zisaidiwe kukua, zisiachwe ziongezeke idadi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu biashara ndogo na za kati katika Jiji la Mwanza na wilaya zilizo kando ya Ziwa Victoria, wakati huu ambapo karibu kila hotuba tunayoisikia inazungumzia kukua kwa uchumi. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Nyakato: wauza nafaka, mafundi wa kuchomelea, akina mama wakaushaji wa dagaa, wenye mashine za kusaga na wenye maduka ya vipuri. Kwa sababu hiyo ninaziona biashara hizi kwa ndani, katika madaftari na risiti zake, na ninayoyaona humo ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Kila mwaka biashara mpya zinafunguliwa kwa wingi, lakini zile zinazotoka hatua moja na kuingia nyingine ni chache mno.

Utafiti wa kitaifa wa biashara ndogo uliofanyika mwaka 2012 ulihesabu biashara zaidi ya milioni 3.1 nchini, zikiwa na watu wapatao milioni 5.2 wanaofanya kazi humo. Ukigawanya hesabu hiyo unapata chini ya watu wawili kwa kila biashara, yaani mwenye mali na pengine mdogo wake anayemsaidia. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 huiita biashara yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kuwa ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200 ndiyo ndogo, na yenye watu 50 hadi 99 na mtaji usiozidi milioni 800 ni ya kati. Utafiti ule una umri sasa, lakini mtu akianzia Makoroboi, apite Mlango Mmoja, kisha apande daladala hadi Igoma, atajionea mwenyewe kwamba sura haijabadilika sana. Wengi wetu tuko ngazi ya chini kabisa, na wengi tunazeekea hapo.

Jambo hili linaniuma zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita, kwa kuwa leo mazingira yanaruhusu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Aliyekuwa akileta mananasi au nyanya kutoka upande wa Sengerema na Geita anaikumbuka foleni ya kivuko: magari yalijipanga kwa saa kadhaa, jua likiwaka juu ya turubai, na tenga za chini zilianza kuvuja maji kabla gari halijakanyaga Kigongo. Leo gari linavuka kwa dakika chache, usiku na mchana. Meli ya MV Mwanza, iliyojengwa hapa hapa katika Bandari ya Mwanza Kusini, ina uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kipande cha reli ya kisasa cha kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021. Chanzo cha maji cha Butimba kinaweza kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Uchumi wa taifa ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni 1 ifikapo mwaka 2050.

Nayafurahia yote hayo. Ila naomba tukumbuke kwamba barabara nzuri humleta sokoni kila mtu, na wa kwanza kufika ni yule ambaye tayari ana lori, bohari na mtaji wa kununua kwa wingi. Mtengeneza sabuni ya maji wa Buhongwa, ambaye zamani alilindwa kidogo na ubovu wa usafiri, sasa anakutana dukani Sengerema na sabuni ya kiwanda cha Dar es Salaam iliyofika kwa gharama nafuu kuliko zamani. Miundombinu peke yake haichagui mnyonge. Ndiyo maana naona kwamba wakati wa kuwapandisha ngazi wafanyabiashara wadogo ni huu, kabla wateja wapya hawajazoea kununua kwa wengine.

Nichukue mfano wa dagaa, kwa kuwa ndiyo biashara ninayoijua zaidi, na ni biashara inayobeba kaya nyingi kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni, yaani ufukweni inakotia nanga, na akina mama hununua kwa ndoo. Kuanzia hapo kila kitu kinategemea saa chache zinazofuata. Anayewamwaga dagaa wake mchangani, kama ilivyozoeleka, huwageuza kwa ufagio, na jioni huwakusanya pamoja na mchanga, vinyesi vya ndege na vijiti. Anayewaanika juu ya kichanja, yaani nyavu zilizotandazwa juu ya miti iliyosimama kiasi cha kiuno cha mtu, hupata hewa chini na juu. Jua likiwa zuri dagaa hukauka siku hiyo hiyo, wakabaki na rangi ya fedha na bila chembe ya mchanga mdomoni. Mvua ikinyesha ghafla, wa kichanja huwafunika kwa turubai, wa mchangani huwapoteza. Hao waliolowa huanza kuwa wekundu na kutoa harufu, na mnunuzi pekee anayebaki ni mtengeneza chakula cha kuku, naye hununua kwa bei anayoitaka yeye.

Mwaloni Kirumba ndiko mizigo hiyo hukutana. Wanunuzi hutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya, na mikoa mingi ya nchi yetu. Gunia hufungwa, hupakiwa, huondoka. Katika kitabu cha mama mmoja wa Igombe ambaye hesabu zake ninaziandaa, faida kwa gunia la dagaa wa mchangani ni ndogo kiasi kwamba gunia moja likiloa hula faida ya magunia kadhaa mazima. Alipojenga vichanja vyake kwa fedha za kikundi, hakuongeza hata ndoo moja ya dagaa aliokuwa akinunua, lakini mapato yake yalipanda kwa sababu alianza kuwauza kwa watu wa kula, si kwa wa kulishia mifugo. Mwaka uliofuata akaanza kuwachagua, kuwakata vichwa na kuwafungasha katika mifuko midogo kwa ajili ya maduka ya mjini. Sasa ana wasichana sita anaowalipa kila wiki. Kwa hesabu ya sera ya mwaka 2003, ametoka biashara ndogo sana na kuingia biashara ndogo.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linaonyesha mahali fursa ilipo hasa. Haikuwa kuvua zaidi, na ziwa lenyewe haliwezi kuvumilia kila mtu avue zaidi. Ilikuwa kuzuia hasara baada ya kuvua, kisha kuongeza kazi ya mikono kabla ya kuuza. Kwa sangara hatua hiyo ilichukuliwa zamani na viwanda vikubwa vinavyosafirisha minofu nje, na mdogo ameachiwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki. Kwa dagaa bado mlango uko wazi kwa watu wa kawaida, kwa kuwa mtaji wa kuanzia ni miti, nyavu na turubai.

Yule mama alipotaka kuuza katika maduka makubwa aliulizwa alama ya ubora na msimbomilia, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani. Watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani hayo ni mambo ya wenye viwanda. Nawaomba wasikate tamaa. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo lina ofisi yake hapa Nyakato, hupata barua ya utambulisho ya kupeleka TBS, yaani Shirika la Viwango, na Serikali humbebea gharama za kuthibitisha ubora wa bidhaa yake kwa miaka mitatu ya mwanzo. Msimbomilia wa Tanzania, ule unaoanza na tarakimu 620, unapatikana kwa utaratibu unaoeleweka. Kinachohitajika kabla ya yote ni mahali safi pa kufanyia kazi, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mtu anayefungasha chakula katika chumba anacholala na watoto hawezi kupitishwa na mkaguzi, na haifai apitishwe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni kujenga majengo ya pamoja ya kuchakata na kufungasha, karibu na mialo, ambako mjasiriamali hukodi meza, mashine ya kufungia na sehemu ya chumba cha baridi kwa siku anazohitaji. Tumejenga masoko na stendi nzuri, na nawapongeza waliosimamia. Hata hivyo soko ni mahali pa kuuzia kitu kilichokwisha kutengenezwa; pa kukitengenezea bado hapatoshi.

Ufugaji wa samaki kwenye vizimba, yaani uzio wa nyavu unaoelea ziwani, nao umefungua jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Januari 2024 Rais alikabidhi hapa Mwanza boti za kisasa na vizimba kwa wavuvi na wafugaji kwa mikopo isiyo na riba, na tangu hapo ukipita majini kuanzia Ilemela hadi Magu unaviona vikielea. Watu wengi wanatamani kizimba. Mimi ninawashauri wateja wangu watazame kwanza gunia la chakula. Sato anachukua miezi sita hadi minane kufikia kuuzwa, na zaidi ya nusu ya gharama za kumlea huenda kwenye chakula, ambacho sehemu kubwa yake inatoka nje ya nchi. Malighafi yake iko hapa hapa: dagaa wasiofaa kwa watu, pumba za mpunga kutoka Magu na Misungwi, mashudu ya pamba na ya alizeti, soya kutoka mikoa jirani. Fundi anayejua kutengeneza mashine ya kusaga anaweza kufundishwa kutengeneza ya kushindilia chembechembe za chakula. Kinachotakiwa ni mchanganyiko uliopimwa vizuri, na kwa hilo tunao wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapa Mwanza. Mfugaji wa kizimba hununua chakula kila wiki, awe amevuna au hajavuna, na biashara yenye mteja wa namna hiyo inaweza kupangiwa hesabu.

Upande wa pili wa daraja kuna wateja wa aina nyingine. Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwapo miaka mingi, na mgodi wa Nyanzaga unajengwa wilayani Sengerema. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Watu wakisikia biashara ya mgodini hufikiria vipuri vya mitambo, kumbe maelfu ya wafanyakazi wanakula kila siku, wanavaa sare, wanafuliwa nguo, wanasafirishwa na kulala. Mayai, mboga, matunda, maziwa, nyama, mikate, sare za kazi, samani za ofisi: hakuna hata kimoja katika hivyo kinachomshinda mtu wa Misungwi au Sengerema.

Ugumu upo kwenye uhakika. Mpishi wa mgodini hataki trei nyingi za mayai wiki hii na chache wiki ijayo; anataka kiasi kile kile, siku ile ile, yakiwa na risiti ya mashine na gari lililo safi. Mfugaji mmoja mwenye kuku mia tatu hawezi kutoa ahadi hiyo, kwa kuwa ugonjwa wa kideri ukiingia bandani amekwisha. Wafugaji ishirini waliokubaliana chanjo moja, chakula kimoja, mkusanyaji mmoja na akaunti moja wanaweza. Ushirika si jambo geni kwa watu wa kanda hii. Baba zetu waliujenga kwa pamba tangu enzi za chama kikuu cha Victoria Federation hadi cha Nyanza, na tunajua pia ulivyoanguka pale wanachama walipoacha kuhoji mahesabu. Sipendekezi turudie chombo kikubwa kama kile. Napendekeza vikundi vidogo vyenye bidhaa moja na mteja anayejulikana, vinavyosomewa mahesabu kila mwezi mbele ya wanachama wote.

Hapo nafika kwenye madaftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi huishuhudia kauli hiyo mezani kwangu karibu kila siku. Mtu ananiletea kauntabuku moja yenye mauzo ya duka, ada ya mtoto, mchango wa harusi na deni la jirani, vyote kwa kalamu moja na katika ukurasa mmoja. Anaamini anapata faida kwa sababu fedha zinapita mkononi mwake. Tukitenganisha, mara nyingi tunakuta duka limekuwa likila mtaji kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya fedha hizo sasa hupita kwenye lipa namba, na taarifa ya simu pekee inatosha kuanzia kuandaa kumbukumbu nzuri, lakini wachache sana huiomba.

Wengi hukwepa kuandika kwa kuogopa kodi. Naomba niwaeleze wasomaji wako, kwa sababu hofu hiyo inawagharimu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyotumika miaka ya hivi karibuni, mfanyabiashara mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 6, akiwa na kumbukumbu, hulipa 60,000, na wa mauzo ya chini ya milioni 4 halipi kodi hiyo kabisa. Kiwango cha kulazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) nacho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Daftari linampunguzia mtu kodi, na ndilo jambo la kwanza ambalo afisa mikopo wa benki ataliuliza.

Kuhusu mikopo yenyewe nina mengi ya kusema, lakini nitajibana kwenye yale ninayoyaona yanaumiza zaidi. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, imeingia hadi mialoni. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha, lakini wakopeshaji wa mitaani wasio na leseni hawaujui ukomo huo, na wanachukua friji, kitanda na kadi ya benki ya mtu bila haya. Kinachofanya watu waende huko ni haraka: fedha inatoka siku hiyo hiyo. Hata taasisi zilizo halali zina kasoro ambayo wenye biashara za ziwani wanaijua vizuri. Mwezi unapokuwa mkubwa, taa hazivuti dagaa, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi hadi giza lirudi. Mkopo unaodai marejesho kila Jumatatu haujali mbalamwezi. Mama anayelipa vizuri wiki za giza hulazimika kukopa kwa kausha damu ili alipe rejesho la wiki za mwanga, na hapo ndipo anapoanza kuzama. Ninaziomba benki na taasisi za fedha zinazofanya kazi Mwanza zipange marejesho ya wateja wa dagaa kwa kufuata giza. Hazitapoteza shilingi, zitapata wateja wanaolipa.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ikigawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nimeona vikundi vilivyoinuka kwa fedha hizo na naunga mkono ziendelee. Hata hivyo naona zinaelekezwa zaidi kwa wanaoanza. Kikundi kilicholipa mkopo wa kwanza vizuri, chenye wateja na kinachohitaji mashine ya bei kubwa, hakisikilizwi upesi kuliko kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya kuomba. Na fundi wa kiume aliyepita umri wa ujana, mwenye karakana na vijana wanne anaowafundisha kazi, hayumo kabisa katika mgawo huo, na benki nayo inamtaka hati ya nyumba ambayo hana. Huyo ndiye mwajiri wa kesho, na hana mlango wa kubisha. Kama halmashauri zingetenga sehemu ya mikopo kwa vikundi vilivyokwisha kurejesha mara ya kwanza, na kama benki zingekubali mashine yenyewe inayonunuliwa iwe dhamana, tungeona tofauti.

Sasa niseme lile linalonikera kuliko yote. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa zinapatikana wazi katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Hiyo ni sheria nzuri, na nimewasaidia wateja wangu kadhaa kujisajili. Lakini zabuni iliyopatikana kwa haki inaweza kumuua mfanyabiashara kama haitalipwa. Kikundi kimoja cha vijana maseremala ninaowahudumia kilitengeneza madawati kwa ajili ya taasisi moja ya umma katika kanda hii. Walikopa mbao, wakakopa misumari na rangi, wakakabidhi kazi kwa wakati, ikakaguliwa na kupokewa bila kasoro. Malipo yalichukua zaidi ya mwaka. Katika muda huo mwenye mbao aliwanyima mali, wawili kati yao wakaenda kuendesha bodaboda, na randa ya umeme ikauzwa. Fedha zilipoingia, kikundi kilichozistahili kilikuwa kimekwisha kusambaratika. Mtu mwenye mtaji mkubwa angesubiri bila kuumia. Kwa hiyo ucheleweshaji wa malipo unawabagua wadogo hata pale sheria inapowapendelea.

Hakuna semina ya ujasiriamali itakayotibu hilo. Naomba kila halmashauri ya Mkoa wa Mwanza ijiwekee utaratibu wa kuwalipa wazabuni wadogo ndani ya siku 30 baada ya kazi kupokewa, na kutokutangaza zabuni ya makundi maalumu kabla fedha zake hazijawa benki. Mambo hayo mawili hayahitaji mfadhili wala sheria mpya.

Nimesikia hoja kwamba shida yetu kubwa ni wageni. Serikali ililishughulikia hilo Julai 2025 kwa amri iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Nafasi hizo zimebaki kwetu, na ni vizuri. Lakini zuio humwachia mtu kibanda tu. Utaratibu wa kununua kwa pamoja, kutunza kumbukumbu na kumheshimu mteja tunapaswa kuujenga wenyewe. Tukumbuke pia kwamba na sisi ni wageni kwa majirani zetu. Mfanyabiashara wa Mwanza anayepeleka mali Kisumu au Kampala yenye thamani isiyozidi dola 2,000, iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani na asitozwe ushuru wa forodha. Wangapi Mwaloni wanakijua cheti hicho? Wanaokutana nami wengi hawajawahi kukisikia, na wanalipa madalali kwa jambo ambalo ni haki yao. Maofisa biashara wa halmashauri wangeweka meza pale sokoni hata siku moja kwa wiki, wangewaokolea watu fedha nyingi.

Nimalizie kwa ombi kwako wewe, Ndugu Mhariri. Gazeti lako lina waandishi katika wilaya zote za Kanda ya Ziwa. Mabaraza ya madiwani hupitia rasimu za bajeti mwanzoni mwa kila mwaka, na ndipo mahali pa kuuliza. Watume waandishi wako wazitake halmashauri zieleze mambo matatu kwa maandishi: ni fedha kiasi gani zinadaiwa na wazabuni wadogo na kwa muda gani, ni vikundi vingapi vya asilimia 10 vimepata mkopo wa pili baada ya kurejesha wa kwanza, na ni kiasi gani kimetengwa kwa vichanja, vyumba vya baridi na majengo ya kufungashia kwenye mialo. Majibu hayo yachapishwe halmashauri kwa halmashauri, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Sengerema, Buchosa, Misungwi, Kwimba, Magu na Ukerewe, kisha yaulizwe tena mwaka unaofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtunza hesabu za biashara ndogo,
Nyakato, Mwanza.